Walivyompima Somoe Akili

Wenzangu wa kituoni waliniomba niwaandikie machache kabla sijaanza kusahau, wakaniomba pia niandike kwa utulivu. Utulivu nimeutafuta tangu siku niliyorudisha funguo za ofisi, na bado sijauona. Nimemaliza miaka yangu ya kuwapima watoto katika visiwa hivi, na kila nikikaa kukumbuka, hasira hutangulia, shukrani ikafuata nyuma inachechemea. Mtanivumilia. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nani alinipita, maana hayo hayajamsaidia mtoto yeyote. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyo, na nitawapa habari ya Somoe wa Siyu, kisiwani Pate, kwa sababu nawaona nanyi mmeanza kuharakisha kama walivyoharakisha waliompima.

Nilikuwa mwalimu wa chekechea hapa Amu, ndiyo Lamu ya ramani, nilipoambiwa nimehamishiwa kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Kituo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya watu wengine. Dirisha lake lilitazama kichochoro wanakofungwa punda, na ndani mlikuwa na meza, viti viwili visivyolingana kimo, na sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo haukuwepo. Aliyekuwa nao alipewa uhamisho, ufunguo nao ukaenda uhamishoni. Mwalimu Kilonzo, ambaye ndiye angenifunza kazi, nilimkuta mlangoni ameshika nyundo.

"Karibu, Mwalimu Rukia," alisema. "Leo tunaanza kwa kuvunja mali ya serikali."

Kilonzo alikuwa Mkamba wa Machakos, aliyekuja kwetu akidhani atakaa muda mfupi, akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Bahari aliiogopa waziwazi. Boti ikitoka tu gatini, anashika ukingo kwa mikono miwili na kuanza kuimba nyimbo za kanisani chini kwa chini, na mabaharia wakimwona hupunguza sauti za redio wapate kumsikiliza na kumcheka. Lakini sikumbuki hata safari moja aliyoikwepa. Nawataja hapa wale wanaosema Pate ni mbali, nao boti hawaiogopi.

Ndani ya sanduku tulikuta vipande vya mbao vya rangi, saa ya kupimia mbio, kengele ndogo na kadi za picha. Katika kadi mlikuwa na mtoto aliyevaa makoti mawili, watu wakipanda lifti, na mbwa amelala juu ya kochi. Mbwa, ndani ya nyumba, juu ya kochi! Picha hiyo peke yake ilitosha kumshughulisha mtoto wa Amu mpaka adhuhuri, na hapo bado hujamuuliza swali. Kilonzo alizichambua kadi, za kutufaa akaziweka mezani, zilizobaki akazirudisha sandukuni.

Kisha akanieleza tunachopima. Vitabu vina jina refu la jambo hilo, yeye aliliita mwenye nyumba wa kichwani. Kila mtoto, alisema, ana mwenye nyumba ndani ya kichwa chake, anayeamua nani aingie na nani asubiri dakani, pale barazani mlangoni. Akiwa hodari, mtoto huweza kungoja zamu, kushika maagizo mawili matatu kwa pamoja, kuacha jambo moja na kushika jingine, kuanza kazi na kuimaliza. Akiwa bado mchanga au mgonjwa, kila hodi anaifungulia, kelele zote zinaingia, na mtoto anaitwa mkaidi. "Na ukaidi," alisema Kilonzo, "ni jina ambalo watu wazima huipa kazi iliyowashinda."

Mama wa kwetu haji kituoni akaeleza mambo ya mwenye nyumba wa kichwani. Huja akasema, "Mwana huyu hatumiki." Ametumwa vitunguu na sukari, amerudi mikono mitupu, au hakurudi kabisa, amekutwa ameketi anatazama punda wakishushwa mawe. Kauli hiyo ndiyo iliyonifunza kazi kuliko semina zote. Nilizoea kuuliza: hatumiki vipi? Anasahau alilotumwa? Au analikumbuka vizuri, ila njia ikimvuta hawezi kujizuia? Au akikuta duka limefungwa hajui kwenda la pili, anasimama pale mlangoni mpaka afuatwe? Hao ni watoto watatu tofauti, na wote watatu nimewakuta wakipigwa fimbo ileile.

Kilonzo alikuwa na taratibu zake. Hakumpima mtoto siku aliyofika kijijini. Aliketi, akanywa chai, akamwacha mtoto amtazame mpaka amchoke. Kabla ya kupima akili alipima masikio na macho. Katika kijiji cha Kizingitini tuliletewa mvulana aliyesemwa ana jini la ubishi, kwa kuwa akiitwa haitiki. Kilonzo alimgeuza kichwa upande wa jua, akatazama sikio, akatazama la pili, yote yana usaha. Mwalimu wa mtoto huyo alikuwa akimchapa kwa sababu hasikii, na kweli alikuwa hasikii.

Tulikuwa pia na jaribio la peremende. Unaweka moja mbele ya mtoto, unamwambia akisubiri bila kuigusa utampa mbili, kisha unatoka. Watoto wa Pate walitushinda kila mara. Wapo walioichukua palepale kwa mkono wa kulia wakasema ahsante, kwa sababu mkubwa akikupa kitu, kukiacha mezani ni kumdharau. Na yupo msichana ambaye hakuigusa hiyo moja wala hizo mbili, kwa kuwa mamake amemkataza kula kwa watu. Mwongozo ulitaka wa kwanza tuwaandike hawana subira na huyo wa pili tumwandike ana subira ya ajabu. Kilonzo alizila peremende zote mwenyewe. Jibu likikutisha, alisema, lichunguze swali kwanza. Na mtoto akikosea, muulize alikuwa akifanya nini, usimuulize kwa nini.

Alipostaafu akarudi kwao, chumba nilibaki nacho mimi. Miaka ikapita, sanduku likaoza kwa kutu, mambo yakawa ya kisasa. Hapo ndipo ulipokuja mradi. Jina la mradi huo silitaji, na hata ningelitaja mngelisahau, maana yote inafanana majina. Wenyewe walikuja na tableti, fulana za rangi moja na ratiba. Ratiba ile ndiyo nisiyoisamehe. Watoto wa darasa zima walipimwa asubuhi moja, wakiitwa mmoja mmoja kama wanaochanjwa. Mimi sikushirikishwa. Niliambiwa kwa heshima kwamba nitaletewa matokeo.

Matokeo yaliletwa na mama mwenye mtoto. Barke alitoka Siyu akafika ofisini kwangu, jua limemkausha midomo, akakataa kuketi.

"Bi Rukia, wataka kumtukua mwanangu."

"Nani anataka kumchukua?"

"Watu wa mradi. Wamempa Somoe kadi azipange, kisha wamenambia hayui mbee wala nyuma. Ati hawezi kusoma na wenziwe. Apekwe skuli ya bara, akae huko huko."

"Wewe umetia kidole kwenye fomu yao?"

"Sijatia. Mwalimu Athumani wa skulini menambia ni kheri ya mwana, nisiwaudhi wageni. Wataka nitie kabula ya wao kuondoka." Akaisogelea meza yangu. "Bi Rukia, Somoe hata mai ya kunywa huyasahau mkononi. Huko bara nani atamkumbusha?"

Somoe alikuwa Gredi ya Tatu. Shule waliyotaka kumpeleka nilikuwa nikiijua. Ni shule ya bweni, ya watoto ambao akili zao zimelemaa sana, na inafanya kazi njema kwa watoto hao. Wanafunzwa kupiga mswaki, kuvaa nguo, kutunga shanga. Lakini mtoto akishaingia kule, harudi katika shule ya kawaida. Sijawahi kumwona aliyerudi. Kwa hiyo lililokuwa mezani si mtihani wa asubuhi moja. Ni maisha ya binti huyu yote, na walitaka kuyaamua kwa kidole gumba cha mamake.

Kesho yake nilikuwa Siyu. Maji yalikuwa yametoka, boti ikatushusha mbali, tukaenda kwa miguu. Sikumwendea kwanza kiongozi wa mradi, ambaye wote walimwita Daktari. Niliketi kwa Barke, nikanywa chai, nikamwacha Somoe anitazame. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuhamahama, na kila alichokishika alikiacha nusu. Alianza kunikunjulia jamvi, akasikia mbuzi nje, jamvi likabaki limekunjwa upande. Alianza kunihadithia habari ya mbuzi, akaona kidonda mguuni mwake, mbuzi akasahauliwa. Mamake alimrudisha kila mara kwa kumgusa bega, bila kelele, na kila akiguswa alirudi.

Asubuhi nilimfuata chuoni, kule watoto wanakosomea Kurani kabla ya skuli. Amekuwa akienda huko tangu hajaota meno ya ukubwani. Alisoma juzuu yake kwa sauti nzuri. Akipita mtu mlangoni alipoteza mstari, na mwalimu wa chuo alimshika kidole akakirudisha palipokuwa. Kisha nikaketi nyuma ya darasa lake skulini. Mwalimu alisema kwa pumzi moja, "Toeni madaftari, andikeni tarehe, pigeni mstari, fungueni kitabu palepale tulipoachia jana." Somoe akatoa daftari. Akabaki nalo mkononi, anasubiri ulimwengu uendelee. Kwa hiyo sikwenda kusema kwamba mtoto hana tatizo lolote. Alikuwa nalo. Mwenye nyumba wake alikuwa mdogo, anahitaji kushikwa mkono. Nilichotaka kujua ni nani aliyesema kwamba nyumba haina mtu.

Daktari nilimkuta katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumshika. Alikuwa kijana mpole wa bara, aliyesoma sana, na alisimama kunipisha kiti. Mwalimu mkuu, Athumani, mwana wa Siyu kindakindaki, alikuwa ameketi karibu na mlango. Skulini alikuwa mwalimu mkuu, na jioni alisomesha chuoni, kama babake alivyosomesha.

"Madam Rukia," Daktari aliniambia, "najua nyinyi mna wasiwasi na hizi kadi za kutoka ng'ambo. Lakini sisi tumetengeneza zetu."

Akanionyesha, na kweli walijitahidi. Hapakuwa na mbwa wala makoti. Kadi zilikuwa sita. Mama aliyejifunga leso anateka maji kisimani. Anawasha moto. Anateleka chungu. Anakoroga uji. Anampa mtoto. Mtoto ameshiba, anaosha bakuli. Mtoto hupewa kadi zimechanganywa, anaambiwa azipange hadithi iende sawa, basi. Nilimsifu kwa ile leso, ilikuwa imechorwa vizuri mpaka jina lililoandikwa pindoni. Kisha nikamwomba ampime Somoe tena mbele yangu.

"Akirudia, Madam, matokeo yataingia doa."

"Acha yaingie. Doa la karatasi huoshwa."

Alikubali, nadhani kwa sababu ya umri wangu. Barke aliitwa, akasimama ukutani na buibui lake. Somoe akaketishwa mezani. Mimi nilichukua kiti cha ng'ambo ya meza, tukatazamana. Daktari alisimama nyuma ya mtoto, juu ya bega lake, kwa kuwa mwongozo wao unasema kazi ya mtoto isomwe kutoka upande wa mtoto. Katika hilo alikuwa makini kweli.

Somoe alizitazama kadi kwa muda. Punda alilia nje, akainua kichwa, nikagonga meza kidogo, akarudi. Halafu akazipanga, moja baada ya moja, bila kusitasita wala kubadilisha.

Mbele yangu, ingawa picha zilikuwa zimenigeukia miguu juu, niliiona hadithi yote: kisima, moto, chungu, kijiko, mtoto anakula, bakuli linaoshwa. Nikashusha pumzi. Nikainua macho nimpongeze Daktari, nikamwona anatikisa kichwa kwa huzuni.

"Unaona, Madam? Vilevile kama juzi. Hadithi yake inaanza na kuosha bakuli, inamalizika na kuteka maji. Amegeuza kila kitu. Mtoto hana mfululizo kabisa."

Nilitazama kadi, nikamtazama yeye, nikatazama tena kadi. Watu wawili tunasoma meza moja, mmoja anaona hadithi, mwenzake anaona vurugu. Mimi nimekaa ng'ambo, kulia kwake ni kushoto kwangu. Mtoto huyu alianzia kulia.

"Somoe," nikamwambia, "nisomee hadithi yako."

"Mwongozo hauruhusu mtoto aulizwe," alisema Daktari.

"Mwongozo wako, mwanangu, haujazaliwa Siyu. Soma, Somoe."

Somoe akaweka kidole kwenye kadi ya mwisho kabisa upande wa mkono wake wa kulia, kama anavyokiweka juu ya juzuu kila alfajiri, akasoma. "Mama ateka mai. Awasha moto. Ateleka nyungu. Avuruga uji. Ampa mwana." Kidole kilifika kadi ya kushoto. "Mwana mekula, sasa akosha bakuli."

"Mbona umeanzia huku?"

Alinitazama kama aliyeulizwa mbona anatembea kwa miguu. "Kwani huanziwa wapi?"

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilidhani Daktari atacheka, ataomba radhi, tutaitisha chai. Badala yake aliipapasa tableti yake, na aliyoyasema baadaye nayakumbuka mpaka leo kwa uchungu. Alisema ni jambo la kuvutia sana. Alisema ataliandika pembeni. Lakini mwongozo unahesabu kutoka kushoto, na akibadilisha kwa mtoto mmoja itabidi abadilishe kwa wote, na kazi ya visiwa vyote itaharibika. Zaidi ya hayo, nafasi kule bara imekwisha kutengwa, na skuli yenyewe ndiyo iliyoomba.

"Itabidi ubadilishe kwa wote!" nilisema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha kupanda. "Ndiyo, kwa wote! Wangapi wameanzia kulia, ukawaandika wapumbavu? Mtoto amepanga mambo sita kwa utaratibu, hakukosea hata moja, halafu unamwambia mamake hajui mbele wala nyuma? Anayajua mbele na nyuma ya chuo chake kabla hajakijua chako. Ulimwambia aanzie wapi?"

"Hatuwaambii. Ni kitu kinachojulikana."

"Kinajulikana na nani, katika chumba hiki?"

Nikamgeukia Athumani, kwa sababu katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Skuli ndiyo iliyoomba, skuli ingeweza kuondoa ombi. Tena alikuwepo siku ile ya kwanza, alisimama palepale mlangoni Somoe akizipanga. Na mtu huyo amefungua msahafu kutoka kulia tangu hajajua kufunga kikoi.

"Mwalimu Athumani, nisaidie. Siku ile uliona nini?"

Alitazama chini. Akatazama viatu vya Daktari. "Bi Rukia," alisema, "wageni wetu wametoka mbali."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote. Watu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji alikuwa karibu kumtoa mtoto wa watu ili mgeni asione haya.

Aliyemaliza shauri ni Barke. Alitoka ukutani, akaja mezani, akazikusanya zile kadi vizuri, akampa Daktari kwa mikono miwili. "Ahsante kwa kumpima," alisema. "Nimesikiya kwa mashikio yangu mwanangu akisoma. Kidole sitii. Somoe, simama." Somoe akasimama, akaanza kutoka, akasahau kandambili moja chini ya meza. Mamake akamgusa bega. Akarudi akaichukua.

Athumani alinisindikiza hadi botini, kama inavyompasa mwenyeji. Nyumba zilipobaki nyuma, ndipo alipoanza kukohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Naliona, Bi Rukia," akasema. "Tangu siku ya kwanza naliona kuwa meanza kuume."

Nilisimama njiani. "Ukanyamaza?"

"Ningemkosoa mgeni mbee ya watu? Mtu mesoma, metumwa na wakubwa, mekuya kutusaidia, mimi nimtahayarishe?" Akageuka akatazama kuliko skuli. "Na mwana mwenyewe umemuona. Arudisha darasa nyuma."

Nimeulizwa mara nyingi katika maisha yangu ya kazi ni kitu gani kimenikasirisha kuliko vyote. Ni haya maneno, na si kwa sababu Athumani ni mtu mwovu. Ni kwa sababu nimelelewa kama yeye. Najua ladha ya adabu ile. Najua inavyomfanya mtu ajione mwema huku amefumba mdomo. Daktari alikosea kwa kutojua, na asiyejua hufunzwa. Athumani alijua. Alikuwa na neno moja tu la kusema, lingemwokoa mtoto, akaliweka chini ya ulimi ili soda aliyomwandalia mgeni isiharibike. Na chini ya adabu hiyo ilijificha raha ya kuondokewa na mzigo.

Nilimwambia yote hayo, kwa sauti ambayo watu wa botini waliisikia. Nikamwambia pia kwamba tangu kesho Somoe atakaa dawati la mbele, mbali na mlango. Ataambiwa jambo moja, alifanye, ndipo aambiwe la pili. Mwalimu atamgusa bega kama mamake anavyomgusa, hatampigia kelele. Akimaliza kazi nusu atapewa nusu ya pili, hatapewa fimbo. Na kila muhula nitakuja kutazama. Athumani alisema inshallah. Nikamwambia inshallah ni kwa yasiyo katika uwezo wetu, na dawati hilo analiweza.

Nilikwenda kila muhula. Sitawadanganya kwamba Somoe aligeuka malaika. Bado alisahau, bado macho yalihama, na upo mwaka alioanza madaftari mengi na asimalize hata moja. Lakini alipanda darasa na wenziwe. Athumani alitimiza, nampa haki yake, mwanzo kwa kuniogopa na baadaye kwa kuona kwamba inafaa, hata akawahamishia mbele wawili wengine. Mradi nao niliuandikia, nikawataka wazitazame upya kadi za watoto wote wa visiwa hivi, wazisome kutoka pande zote mbili. Nilijibiwa kwa shukrani nyingi. Hakuna kadi iliyotazamwa. Nimestaafu na jambo hilo limenikaa kooni, na ninyi mliobaki ofisini mna miguu na mna sauti.

Safari yangu ya mwisho Siyu sikwenda peke yangu. Nilipewa mgeni nimtembeze, bibi mmoja mkubwa wa ofisi kutoka bara, mwenye tabasamu na watu wa kumbebea mkoba. Athumani alituketisha ofisini, chai na mahamri yakaletwa, na Somoe akaitwa aje kuonyeshwa. Alikuwa amekua, Gredi ya Saba, mrefu kunishinda. Alitupa sote mkono kwa adabu, akasimama na kitabu kifuani.

Yule bibi alimtazama kwa huruma. "Kwa hivyo huyu ndiye yule msichana aliyekuwa hajui kupanga kadi, mkamfundisha?" alituuliza sisi wakubwa. "Mungu ni mwema. Mmemtoa mbali."

Athumani alimsogezea mgeni sahani ya mahamri. Nilikwisha kuvuta pumzi niseme. Somoe akaniwahi.

"La," alisema. "Mimi naliyua. Ni wao waliokuwa hawayui kuzisoma."

Kikombe cha yule bibi kilibaki hewani. Athumani akainuka nusu, akanyoosha mkono kumshika Somoe bega, si ule mguso wa kumrudisha kazini, ni wa kumnyamazisha. "We Somoe," alinong'ona, "ni mgeni huyu."

Niliushika ule mkono wake kabla haujafika, nikamtaka amwache aseme.

"Mwate anene, Mwalimu."